Kuni Tusizochoma Ni Mali Yetu

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Voi, Sagalla, Kasigau na Mwatate





Tumeombwa tuzungumze juu ya kuni, jiko na hali ya hewa. Tunapozunguka vijijini tunaulizwa maswali mawili karibu kila mkutano. La kwanza: "Mbona sisi tunaambiwa tupunguze moto wa mafiga matatu, na wenye viwanda huko ng'ambo hawaambiwi kitu?" La pili: "Kuna watu wamekuja na majiko ya bure na karatasi ya kutia sahihi. Tutie au tusitie?" Hayo yanaonekana maswali mawili mbalimbali, lakini yanahusu kitu kimoja, nacho ni kuni ambazo hatukuzichoma. Tutakwenda polepole mpaka tufike hapo.

BLANKETI LA DUNIA

Tunapochoma kuni, mafuta ya gari au makaa ya mawe, hutoka hewa ambayo wataalamu wanaiita hewa ya ukaa au hewa ya kaboni. Huioni kwa macho. Inapanda juu na kukaa kama blanketi: jua linaingia, lakini joto likitaka kutoka linazuiwa. Blanketi jepesi ni baraka ya Mungu, maana bila hilo dunia ingekuwa baridi mno. Shida ni kwamba tangu viwanda vianze huko Ulaya, blanketi limezidi kuwa zito. Mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka wowote uliowahi kupimwa. Wastani wake ulipita ule wa zamani, kabla ya viwanda, kwa karibu digrii moja na nusu.

Nani amelifanya zito? Tuseme ukweli, jamani. Kwa wastani Mmarekani mmoja anatoa takriban tani 14 za hewa hiyo kwa mwaka. Mkenya mmoja hafikishi hata nusu tani. Na stima yetu ya Kenya, sehemu kubwa inatoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, kwa mabwawa ya maji, kwa upepo na kwa jua. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mama wa Kasigau ndiye ameharibu hali ya hewa ya dunia, mwambie akapige hesabu tena.

Si kweli pia kwamba wakubwa hawaambiwi kitu. Wameambiwa tangu zamani. Mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro, nchini Brazil, wakatia sahihi mkataba wa kwanza wa hali ya hewa. Mwaka 1997 wakakutana Kyoto, Japani, na nchi tajiri zikapewa viwango vya kupunguza. Mwaka 2015 wakakutana Paris, wakakubaliana kujaribu joto lisizidi digrii moja na nusu. Mwaka 2023 wakakutana Dubai, wakaahidi kwamba ifikapo mwaka 2030 dunia iwe imeongeza mara tatu mitambo ya jua, upepo na maji, na kuongeza mara mbili kasi ya kuokoa nishati. Maneno ni mazuri. Kutekeleza ndiko kunakochechemea.

Papa Fransisko naye aliandika waraka wake Laudato Si' mwaka 2015. Humo alisema kwamba nchi tajiri zina deni kwa nchi maskini, deni la mazingira. Kumbukeni neno hilo, deni, kwa sababu tutalirudia.

TUNALIPA DENI AMBALO HATUKUKOPA

Hakuna haja ya kuwaeleza ukame watu wa Taita Taveta. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha katika sehemu nyingi kavu za Kenya. Ng'ombe walianguka, mahindi yalikauka kabla ya kubeba. Serikali ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba 2022 ndovu 205 walikufa nchini kwa sababu ya ukame huo. Na ndovu aliye na kiu haheshimu ua wa mtu. Anakuja kwa tangi lako na kwa shamba lako, kama tunavyojua sote tunaoishi kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: ndiyo, wenye deni kubwa ni wengine, na tuna haki ya kuwadai. Lakini tukisema "si sisi" halafu tukaendelea kukata, nani ataumia kwanza? Si mtu wa Paris.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila mkutano wa kimataifa. Kila Mdawida anajua habari za fighi, msitu mtakatifu ambao hakuna aliyethubutu kukata mti ndani yake. Vipande vya msitu wa milimani vilivyobaki, kama Ngangao, Mbololo na Chawia, ni vidogo, lakini vinakamata ukungu na kutunza maji ya walio chini. Mti wa juu ukikatwa, mtungi wa chini unabaki mtupu.

MOTO WA NYUMBANI KWETU

Sasa tuingie jikoni. Mafiga matatu yana sifa moja kubwa: hayauzwi. Lakini angalieni moto wake unakwenda wapi. Upepo unauvuta huku na kule, ndimi za moto zinapanda kando ya sufuria, na joto jingi linapasha ukuta na hewa. Ni kidogo tu linaloingia kwenye chakula. Kuni nyingi zinaungua ili moja ifanye kazi.

Halafu kuna moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa magonjwa yanayoletwa na moshi wa majumbani: nimonia ya watoto, magonjwa ya moyo, kiharusi, vifua. Wengi wa wanaovuta moshi huo ni kina mama na watoto waliobebwa mgongoni. Kwa hiyo hata kama habari za hali ya hewa zingekuwa uongo mtupu, jiko bora lingebaki kuwa jambo la maana.

Na tusidhani kwamba kuokoa moto ni habari iliyokuja na ndege. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati mpya hapa kwetu, Nairobi. Miaka hiyo hiyo mafundi wa jua kali na wataalamu walitengeneza lile jiko la makaa la bati lenye udongo uliochomwa ndani, ambalo leo liko karibu kila soko. Kutoka Kenya jiko hilo lilienea mpaka Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia. Likiwa limetengenezwa vizuri, linaweza kupunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi. Baadaye likaja jiko la kuni la udongo uliochomwa, linalojengewa hapo hapo jikoni, ambalo vikundi vingi vya kina mama vilijifunza kulifinyanga na kuliuza.

Haya ndiyo mambo ambayo kikundi kinaweza kuanza nayo bila kungoja mfadhili:

Kuni zikaushwe vizuri na zipasuliwe ndogo. Kuni mbichi inatumia moto wake kukausha maji yake yenyewe, na inatoa moshi mwingi.

Maharage, mbaazi na mahindi ya pure yalowekwe usiku kucha. Saa za kuchemsha zinapungua sana.

Sufuria ifunikwe. Ikishachemka, moto upunguzwe. Maji yanayotokota kwa kelele hayapiki haraka kuliko yanayotokota polepole.

Kikapu cha kupikia bila moto kishonwe. Ni kikapu cha kawaida kilichojazwa vitambaa, sufi au magazeti. Unachemsha maharage ya kimanga kwa muda, unaiingiza sufuria ikiwa moto na kifuniko chake, unaifunika vizuri, unakwenda shamba. Ukirudi yameendelea kuiva yenyewe. Yachemshe tena kabla ya kula.

Na miti ipandwe kwa ajili ya kuni, si kwa ajili ya kivuli cha ofisi peke yake. Mukau unastahimili nchi kavu na mbao zake mchwa hawazipendi. Mwarobaini nao tunaujua.

JUU YA MAKAA

Hapa lazima tuseme kwa upole. Anayechoma makaa si adui. Mara nyingi ni baba ambaye mvua imemnyima mavuno, na karo ya shule haingojei mvua. Lakini hesabu ni hesabu: kwa tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya makaa inaweza kula mpaka kilo 10 za mti. Gunia linalosimama kando ya barabara ya Mombasa likingoja lori lilikuwa mti mzima, tena mara nyingi mti wa mwituni uliochukua miaka mingi kukua katika nchi isiyo na mvua. Anayepata faida kubwa si yule aliyekata. Ni yule anayeuza mjini.

Basi kikundi kisianze na kumfukuza mchoma makaa. Kianze kwa kumuuliza atakula nini akiacha. Mizinga ya nyuki, kuku, kitalu cha miche, mkopo mdogo wa kikundi: bila kitu kama hicho, marufuku inamhamishia usiku tu.

KABONI INAVYOUZWA KASIGAU

Sasa tunafika kwa swali la pili. Wengi wenu mmesikia neno "kaboni", na wengine watoto wenu wamesoma kwa basari yake. Tueleze inavyofanya kazi.

Katika ukanda wa Kasigau, kuanzia ranchi ya Rukinga na kuendelea katika ranchi nyingine za jirani, kuna karibu hekta 200,000 za msitu mkavu ulio katikati ya Tsavo mbili. Kampuni ya Wildlife Works, ambayo makao yake hapa kwetu yako Maungu, ilifanya mapatano na wenye ranchi kwamba msitu usikatwe. Wataalamu wakapima miti ina kaboni kiasi gani, wakakadiria ingekatwa mingapi kama mradi usingekuwako. Tofauti hiyo, yaani miti iliyosalimika, ikageuzwa kuwa hati. Hati moja ni tani moja ya hewa ya ukaa. Kampuni za ng'ambo zinazotaka kusema zimefidia moshi wao zinanunua hati hizo. Mwaka 2011 mradi huu wa Kasigau ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kupewa hati hizo chini ya utaratibu wa kimataifa unaoitwa VCS. Ndiyo, dunia nzima ilijifunza hapa kwetu.

Fedha zinagawanywa kwa wenye ardhi, kwa uendeshaji wa mradi na kwa jamii. Sehemu ya jamii inapitia kamati za kaboni za lokesheni, na kwa njia hiyo zimetoka basari, madarasa na miradi ya maji. Walinzi wa misitu wameajiriwa, wanaume kwa wanawake. Hayo ni mema na tuyataje.

Lakini mradi unaopita mikononi mwa watu unahitaji macho. Novemba 2023 shirika la kutetea haki la Kenya Human Rights Commission na shirika la SOMO la Uholanzi walitoa ripoti yenye madai ya wanawake kwamba baadhi ya wanaume wenye vyeo katika mradi huo waliwanyanyasa kingono. Hatuko hapa kuhukumu mtu. Tunataka tu kila kikundi kijifunze jambo moja: mahali palipo na fedha na ajira, lazima pawe na mahali pa mama kulalamika bila kuogopa kupoteza kazi yake. Ukiingia mradi wowote, uliza mahali hapo ni wapi.

JIKO LA BURE NA SAHIHI YAKO

Majiko ya bure au ya bei ya kutupa yanafuata njia hiyo hiyo. Mama akitumia jiko bora, kuni kadhaa hazichomwi. Zile kuni ambazo hazikuchomwa zinahesabiwa, zinageuzwa kuwa hati, hati zinauzwa. Karatasi unayotia sahihi au kidole mara nyingi inasema kwamba haki ya hewa iliyookolewa si yako tena, ni ya mwenye mradi. Kumbe jiko si la bure. Umelilipia kwa kuni ambazo hukuzichoma.

Je, ni vibaya? Si lazima iwe vibaya. Kama jiko ni zuri, linadumu, na linapunguza moshi, huenda ni biashara ya haki. Ubaya ni kuuza kitu bila kujua kwamba umekiuza.

Kuna jambo jingine. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa uchunguzi wao juu ya hati za majiko duniani. Waliona kwamba katika miradi waliyoichunguza hati zilizotolewa zilizidi kaboni iliyookolewa kweli kwa karibu mara tisa. Kwa nini? Miradi mingi ilihesabu kwamba jiko jipya linatumika kila siku, kumbe mama amelirudisha kona na anapika kwa mafiga. Au ilihesabu kuni nyingi kuliko zile ambazo mama huyo alikuwa akichoma hapo mwanzo.

Hapo ndipo neno la deni linarudi. Mwenye kiwanda ng'ambo akinunua hati ya uongo, anaendelea kutoa moshi wake akidhani amelipa. Deni linabaki pale pale, na ukame unatujia sisi. Papa Fransisko katika ule waraka wa 2015 alionya kwamba biashara ya hati hizi inaweza kuwa kisingizio cha wakubwa kuendelea na matumizi yao. Kwa hiyo tukisema ukweli kuhusu jiko, hata kama ukweli unapunguza hesabu ya kampuni, tunajilinda wenyewe.

SHERIA INASEMAJE

Mwaka 2023 Bunge la Kenya lilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ili kuingiza biashara ya kaboni. Mambo ya kushika ni haya. Mradi wa ardhi ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mapatano ya maendeleo ya jamii yaliyoandikwa, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya gharama za kuendesha. Kwa mradi usio wa ardhi, kama wa majiko, sheria inataja angalau asilimia 25. Miradi inapaswa kuandikishwa, na ofisi ya kuuliza ni ya NEMA.

Kabla ya kutia sahihi, katibu aulize maswali haya na aandike majibu kwenye kitabu cha kumbukumbu za mkutano:

1. Nani mwenye mradi, na umeandikishwa wapi?
2. Karatasi hii iko kwa Kiswahili? Tunaweza kukaa nayo wiki mbili tukaisoma?
3. Tunauza nini hasa, na kwa miaka mingapi?
4. Sehemu ya jamii ni kiasi gani, inalipwa lini, na nani anaikagua?
5. Jiko likivunjika mwaka wa pili, nani anatengeneza?
6. Malalamiko yanapelekwa kwa nani, na mama anaweza kuyapeleka kwa siri?

Anayekuja na nia njema hatakasirikia maswali haya. Anayekasirika amekwisha kuwajibu.

KAZI YA KWENDA NAYO

Tusimalize kwa maneno matupu. Tunaomba kila kikundi kifanye kipimo kimoja kabla ya mkutano ujao, na hakihitaji mfadhili. Kinahitaji mizani tu, ile ya kupimia magunia.

Chagueni nyumba tano. Kila asubuhi kwa siku saba, mama apime kuni alizonazo, na jioni apime zilizobaki. Andikeni pia watu waliokula. Wiki inayofuata, nyumba hizo hizo zitumie jiko bora, au zikiwa hazina, zitumie kuni kavu zilizopasuliwa, kufunika sufuria na kuloweka. Pimeni tena.

Tuseme mama alikuwa akitumia kilo 7 kwa siku, na sasa anatumia 4. Ameokoa kilo 3. Kwa mwezi wa siku 30 ni kilo 90. Kikundi cha nyumba 30 kimeokoa kilo 2,700 kwa mwezi mmoja. Hiyo ni mizigo mingapi ya kuni ambayo haikupanda kichwani kwa mtu? Ni saa ngapi ambazo msichana amekaa na kitabu chake?

Mkiwa na namba hizo kwenye kitabu, kampuni ikija haitawaambia ninyi mmeokoa nini. Ninyi ndio mtakaoiambia. Na isipokuja kampuni yoyote, bado kuni ziko, kifua kimepona, na mlima una mti wake.

Makatibu, karatasi za kuandikia kipimo ziko mezani karibu na mlango. Kila kikundi kichukue moja, kiandike jina lake kwenye orodha, na tukutane tena na majibu.

Mungu awabariki na azibariki kazi za mikono yenu.